Albamu Iliyopitia Ukutani

(Hotuba niliyoitoa Gent, Ubelgiji, kwenye kikao cha wazungumzaji wa Kiswahili, Jumamosi mchana kabla ya chakula. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikapunguza tu pale nilipojirudia.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, hamjambo. Wenzetu wa Bukavu na Lubumbashi, jambo yenu. Na nyinyi watoto mliokaa hapa mbele, mnaosikia Kiswahili jikoni na kuota ndoto kwa Kiholanzi, leo nina maneno yenu pia.

Nimeombwa nizungumzie lugha. Kila tukikutana hapa husimama mtu akazungumzia lugha, tukaambiwa tuwafundishe watoto Kiswahili, tukaitikia, tukala, tukarudi makwetu. Ni maneno ya kweli na sitayapinga. Ila mimi nimekuja na habari ya bendi moja ya hapahapa Gent, bendi ya watu watatu, na albamu yao ya kwanza iliyotoka mwaka 1992. Bendi iliitwa Gorky, na albamu nayo ikaitwa Gorky. Wengi wenu hamjawahi kuisikia. Mimi mwenyewe nimeishi mji huu miaka mingi, kazi yangu ni ukalimani, kutwa nzima nimo ndani ya Kiholanzi na Kiswahili, na nilikuwa siijui. Ilinifikia kwa kupitia ukutani.

Nyumba yangu na ya jirani yangu zimeshikana, kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu. Ukuta ni mmoja, wao upande wao, sisi upande wetu. Jirani ni fundi bomba, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mpole, asiyependa maneno mengi. Kwa miaka sita salamu zetu zilikuwa za kuhusu mvua na mapipa ya taka, yapi yanatolewa wiki hii na yapi wiki ijayo. Mwaka 2022, mwezi wa nne, nikaanza kusikia mdundo. Kila Jumanne na Alhamisi, saa mbili usiku, unaanza. Saa nne kasoro robo unakoma.

Ilikuwa gitaa la besi. Ninyi mliowahi kukaa jirani na baa au ukumbi wa harusi mnajua: gitaa la solo halivuki ukuta wa matofali, na sauti ya mwimbaji inafika kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Besi ndiyo inayovuka. Inaingia ukutani, inashuka kwenye meza, inatikisa kijiko ndani ya kikombe. Nilikuwa nikikaa pale na karatasi zangu za kazi, kijiko kikicheza, nikaanza kuzitambua. Huu ni ule wa haraka. Huu ni ule unaopanda ngazi mbili na kushuka tatu. Huu ni ule wa polepole, anaourudia mara nyingi kuliko yote, na kila mara anakwama palepale, anaanza upya. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa naziimba chini kwa chini nikikata vitunguu. Binti yangu akaniuliza, baba, huo wimbo gani? Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimehifadhi albamu nzima upande wa besi, bila neno hata moja.

Jioni moja nikabisha hodi. Jirani alifungua mlango akaniomba radhi kabla sijatamka kitu. Alidhani nimekuja kulalamika kuhusu kelele. Nikamwambia hapana, nimekuja kuuliza, ule wimbo wa polepole unaitwaje? Alinitazama kidogo. Kisha akasema, ingia.

Kwenye gereji, kati ya baiskeli na mabomba ya shaba, walikuwa watatu. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye mwimbaji na mpiga gitaa. Jirani yangu, besi. Kwenye dramu alikaa binti yake, miaka kumi na tisa, aliyezaliwa muda mrefu baada ya albamu ile kutoka. Walikuwa wakijiandaa kuipiga yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho kwa mpangilio wake uleule, kuadhimisha miaka 30. Si kwa tiketi za bei kubwa, wala si kwenye ukumbi wenye jina. Ni kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa wa kijiji, kaskazini mwa Gent, si mbali na Wippelgem.

Kwa nini Wippelgem? Kwa sababu ndiko alikotoka mwimbaji wa Gorky, Luc De Vos. Alizaliwa mwaka 1962. Wippelgem ni kijiji kidogo ndani ya Evergem. Kutoka hapa tulipo ni mwendo wa baiskeli usiofika saa moja, mashamba huku na huku. Wenzake walikuwa Geert Bonne na Wout De Schutter. Mwaka 1990 waliingia kwenye shindano la Humo's Rock Rally, shindano la bendi changa linaloandaliwa na gazeti la Humo kila baada ya miaka miwili, wakafika fainali. Mwaka huo ushindi ulikwenda kwa Noordkaap, bendi nyingine iliyoimba Kiholanzi.

Hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu jambo hilo kwetu linaonekana dogo. Mtu wa Flanders, huku kwenye nusu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi, kuimba Kiholanzi, kuna ajabu gani? Ajabu ipo. Siku zile kijana wa hapa akishika gitaa la umeme alitarajiwa aimbe Kiingereza. Kiholanzi kilikuwa cha nyimbo za kukaa kitako na kusikiliza, au za kuchezea harusini. Walikuwepo waliotangulia, Raymond van het Groenewoud tangu miaka ya sabini, na Clouseau waliotoa albamu yao Hoezo? mwaka 1989 wakapendwa sana. Lakini bado ulikuwa uamuzi. Kiholanzi kina wazungumzaji wapatao milioni 24, ukijumlisha Uholanzi na huku, na mwanamuziki anayekichagua anajua kabisa mipaka yake iko wapi: ukivuka Brussels ukaelekea kusini, kwa wasemao Kifaransa, maneno yako yamekwisha nguvu.

Na lugha hii ina kidonda. Hapa Gent pana chuo kikuu, baadhi ya vijana wetu wanasoma pale, na Kiswahili nacho kinafundishwa pale. Mpaka mwaka 1930 hakikuwa chuo cha Kiholanzi. Mtoto wa mkulima wa Flanders alikuwa akifika chuoni, katika mji wa kwao, anakuta elimu ya juu iko kwa Kifaransa. Ndugu zangu wa Kongo, naona mnatikisa vichwa. Mnajua. Kifaransa mlichopelekewa na Wabelgiji, wapo miongoni mwa Wabelgiji haohao waliokuwa wanakipigania kitoke darasani kwao ili lugha ya mama zao iingie. Mimi sikufundishwa hilo kwenye kozi ya kuzoea nchi. Pale nilifundishwa kujaza fomu, kutenganisha taka na kupiga simu kwa daktari, na nashukuru, maana yote yanahitajika. Nilichokosa ni sababu ya mtu wa hapa kulegea uso ukimwambia sentensi moja ya Kiholanzi, hata ikiwa na makosa.

Basi, turudi kwenye gereji. Mwalimu alinionyesha albamu, santuri yenyewe, kona za jalada zimekwisha kwa kushikwa. Nyimbo za mle watu wa hapa wanazijua: Anja, Lieve kleine piranha, Soms vraagt een mens zich af. Na Mia. Huo wimbo wa polepole, uliokuwa ukinirudia ukutani kila Jumanne, ulikuwa Mia.

Vijana, zamani santuri ndogo ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza unawekwa wimbo unaotegemewa kuuza, upande wa pili unawekwa wa kujazia. Mia uliwekwa upande wa pili. Uliotegemewa ulikuwa Lieve kleine piranha. Watu wakageuza santuri. Leo kuna redio ya hapa, Studio Brussel, ambayo wasikilizaji wake huchagua nyimbo mia moja zisizochuja, orodha yao wanaiita De Tijdloze. Mia umekaa namba moja zaidi ya mara moja, juu ya nyimbo kubwa za Marekani na Uingereza zilizouzwa dunia nzima. Na tuzo za muziki za Flanders, vifupisho vyake ni herufi hizohizo tatu: MIA. Wimbo wa kujazia.

Baada ya albamu ile watatu wale hawakudumu pamoja. De Vos aliendelea na wapigaji wengine, herufi ya mwisho ya jina ikabadilishwa, ikawa Gorki, na kwa miaka zaidi ya ishirini akatoa albamu nyingine, akaandika vitabu na makala, akawa mtu anayeonekana mitaani Gent kama mtu wa kawaida. Alifariki ghafla hapa Gent tarehe 29 Novemba 2014, akiwa na miaka 52.

Tarehe hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu yake nilikuwa na kazi ya ukalimani kwenye ofisi moja, mama mmoja wa Kirundi anayesema Kiswahili alikuwa anashughulikia karatasi za watoto wake. Mtumishi wa ofisi alichelewa. Alipoingia macho yalikuwa mekundu, akaomba samahani, akasema amefiwa. Mama yule akanyoosha mkono juu ya meza akamshika, akaniambia nimtafsirie pole. Nikatafsiri. Kisha mama akauliza, ni ndugu yake? Nikauliza. Mtumishi akajibu, hapana, ni mwimbaji. Nami nikamtafsiria mama kwa Kiswahili, "ni mwimbaji wao mmoja," tukaendelea na karatasi. Mwimbaji wao mmoja. Neno hilo limenikaa kooni tangu siku nilipoingia gereji ile, kwa sababu mama wa Kirundi, ambaye hakujua hata neno kumi la Kiholanzi, aliuelewa msiba ule kuliko mimi niliyelipwa kuelewa.

Kwa hiyo mwaka 2022 albamu ilipofikisha miaka 30, aliyeiimba hakuwepo. Ndiyo maana fundi bomba, mwalimu na binti wa miaka kumi na tisa walikuwa gerejini.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Ijumaa, mwezi wa kumi, mvua ya manyunyu. Chumba kile kinachukua watu themanini labda, na walikuwa zaidi. Viti vimesukumwa ukutani. Harufu ya makoti yaliyolowa, bia, na supu iliyokuwa ikichemka jikoni. Wengi walikuwa wa rika la jirani yangu, ila nilihesabu na vijana, na mbele kabisa alikaa bibi mwenye fimbo, aliyeletewa kiti chake peke yake. Hakukuwa na hotuba. Mwalimu alisema tu kwamba zitapigwa kwa mpangilio wa santuri, na kwamba katikati watasimama dakika tano, pale ambapo zamani ungenyanyuka kugeuza upande.

Nataka niwaeleze faida ya mpangilio ule, maana kwetu hatujaizoea. Bendi zetu kubwa za Tanzania zilirekodi wimbo mmoja mmoja pale Radio Tanzania, na hata leo tunawajua kwa nyimbo zao, hatusemi albamu. Dansini unaomba wimbo unaoutaka, mpigaji akipenda anakupa. Ni utamaduni mzuri, unampa msikilizaji heshima yake. Lakini katika kuomba huko zipo nyimbo zisizoombwa na mtu, nazo hufa. Usiku ule hapakuwa na kuomba. Wimbo usiojulikana ulipofika zamu yake ulipigwa kwa jasho lilelile. Niliona mtu mmoja, nadhani wa zimamoto, maana koti lake lilikuwa na nembo, anafunga macho kwenye wimbo ambao chumba kizima walikuwa wameusahau. Sijui alikuwa na umri gani alipousikia mara ya kwanza, wala alikuwa na nani. Ila ule ulikuwa wake, na kama wangepiga zinazopendwa tu asingeupata.

Sisi tuna neno la nyimbo za zamani: zilipendwa. Nalipenda neno hili, linanikumbusha redio ya baba Morogoro, Jumapili mchana, na Mbaraka Mwinshehe akiimba wakati yeye mwenyewe alishafariki tangu mwaka 1979. Lakini tazameni kitenzi chake. Zilipendwa. Wakati uliopita, jambo limekwisha. Baba alikuwa akiimba na redio ile kwa sauti ya juu, kila neno, na mtangazaji anatuambia zilipendwa. Na Mbaraka je, alipendwa? Watu wa Morogoro watakujibu kwa wakati uliopo.

Ilipofika Mia, nilijua kabla hawajaanza. Mwalimu alikuwa hajasema kitu, ila jirani yangu aliweka vidole vyake pale ambapo nilikuwa nimevisikia kwa miezi sita bila kuviona. Alikuwa na hofu, nilimwona. Kuna mahali kwenye beti ya pili ndipo alipokuwa akikwama.

Sasa niwaambie maneno, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Wimbo unaanza na mtu mwenye njaa. Anakwenda kwa mwenzake, anaambiwa chakula kipo, utakula, ila uoshe vyombo. Basi. Hakuna mapenzi ya nyota na mwezi. Mimi nilipousikia nikajikuta natabasamu gizani, maana hapo nilikuwa nyumbani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nani kati yetu hakufika nchi hii na njaa ya aina fulani akaambiwa, karibu, vyombo vile pale? Na haikusemwa kwa dharau. Anayekwambia uoshe vyombo amekwisha kukuweka ndani ya nyumba. Mgeni wa heshima haoshi vyombo, na mgeni wa heshima hakai.

Kisha mwimbaji anasema watu kama yeye utawakuta kila mahali. Anataja wapi: kwenye soko la ajira, na katika bonde hili la machozi. Ndugu zangu, mimi ofisi ya ajira naijua, nimetafsiri pale siku nyingi sana. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali pale panaweza kuingia kwenye wimbo na chumba kizima cha watu wazima kikapaimba kwa upole. Lakini lililonishika ni hilo la pili. Kiholanzi chake ni neno moja, tranendal. Wakatoliki mliomo humu mmeshajua nakwenda wapi. Salamu Malkia. Mama yangu aliisali kila usiku baada ya rozari, nasi watoto tukisinzia: sisi wana wa Eva, ugenini hapa, tunakulilia, tukilalamika na kuhuzunika, bondeni huku kwenye machozi.

Luc De Vos alikulia kijiji cha Kikatoliki cha Flanders. Sala ile iko kwa Kiholanzi pia, na neno lile limo. Alilichukua kutoka mdomoni mwa watu wa kwao, akaliweka jirani na soko la ajira, kana kwamba ni mitaa miwili ya mji mmoja. Na mimi, mtoto wa Morogoro, nilikuwa nimesimama kati ya mtu wa zimamoto na bibi mwenye fimbo, wakaimba tranendal, mdomo wangu ukasema bondeni huku kwenye machozi. Kwa sauti. Sikukusudia. Bibi aligeuka akanitazama, akarudisha macho mbele, akaendelea kuimba.

Jinsi walivyoimba sitaisahau. Mimi nimezoea kwetu, wimbo unaopendwa mtu anaufuata kwa mwili, anasimama, anatunza. Hawa walisimama kama wako msibani, mikono mifukoni, macho sakafuni, sauti ya chini, kila neno mahali pake. Ukitazama kutoka dirishani ungesema hawana furaha. Na ilipofika beti ya pili, pale pa kukwama, jirani yangu hakukwama. Nilimwona anavuka. Binti yake, nyuma, aliona pia, akapiga sahani ya dramu kwa nguvu isiyokuwamo kwenye santuri.

Kuna neno limenishinda mpaka leo. Wimbo unasema middenstand wanaitawala nchi. Middenstand ni watu wa kati: mwenye duka la nyama, mwenye duka la mikate, fundi mwenye gari lake na jina limeandikwa ubavuni. Si matajiri, si vibarua. Flanders nzima imejengwa na watu hawa, mkipita mjini asubuhi mnawaona wanafagia mbele ya milango yao. Kiswahili chetu kina wafanyabiashara, wachuuzi, mafundi, wenye maduka, lakini hakina neno moja la kuwafunga pamoja na kufunga humohumo heshima na kero wanayotiliwa. Jirani yangu ni middenstand, na aliupiga mstari ule kwa furaha kubwa.

Baada ya muziki ikaja supu. Nikamwendea jirani nikamwambia hongera, nikatumia u, kama siku zote. Watoto mnajua: u ni ya heshima, ndiyo unayomwambia mwalimu na daktari. Akaniambia, baada ya miezi sita ya kunivumilia ukutani, niambie gij. Gij ndiyo wewe ya Flanders, ya nyumbani, ambayo kwenye kozi hatukufundishwa. Kozini tulifundishwa jij ya vitabuni. Hata De Vos kwenye wimbo hatumii gij, anaimba kwa lugha ya shuleni, kama sisi tunavyoimba kwa Kiswahili sanifu hata kama nyumbani tunasema cha kwetu. Sisi heshima yetu haikai kwenye wewe. Iko kwenye shikamoo, kwenye kaka, dada, mzee, mama fulani. Ndiyo maana Kiholanzi kilinipa taabu: miaka sita nilikuwa najificha nyuma ya u nikidhani namheshimu, kumbe yeye aliona nimesimama nje ya mlango.

Usiku ule nilibaki mpaka watu walipoondoka. Nilikwenda jikoni kwa mkahawa, nikakunja mikono ya shati, nikaosha mabakuli ya supu. Hakuna aliyeniomba. Mwalimu alinikuta pale, akachukua kitambaa, akawa anakausha, hatukusema neno.

Wazazi wenzangu, mimi sikuja kuwaambia mtoto aache Kiswahili. Wa kwangu hamwoni mtu anamsemesha Kiholanzi ndani ya nyumba yangu. Nimekuja kuwaomba kwamba lugha ya hapa msiijue kwa barua za manispaa peke yake. Barua haikupendi wala haikuchukii, inakutaka usaini. Muulize jirani yako, mwenzako wa kazini, mwalimu wa mtoto: wimbo gani mnaujua wote bila kutazama karatasi? Atashtuka kidogo, kama alivyoshtuka fundi bomba mlangoni kwake. Na akishakuambia, yeye atakuuliza wewe wako upi. Mimi niliulizwa, palepale kwenye mabakuli. Nilimwimbia mwalimu wimbo aliokuwa akiimba baba na redio. Alinisimamisha nirudie, akaenda kuchukua gitaa.

Mmeona kuna watu watatu wamekaa pale karibu na mlango, na vifaa vyao chini. Ndio hao. Walipita ukutani, leo wamepita mlangoni. Karatasi ziko kwenye viti vyenu. Ubeti wa kwanza wa Mia nimeutafsiri, si kwa kuuimba vizuri bali kwa kuuelewa. Bonde la machozi nimeliacha kama lilivyo kwenye sala. Middenstand nimeandika "wenye maduka," na mwenye neno bora aniletee wakati wa kula. Upande wa nyuma wa karatasi ni wimbo wa Mbaraka, ambao wamejifunza wao kwa wiki tano, na matamshi yao msiyacheke, wamejitahidi kweli.

Bibi mwenye fimbo naye amekuja. Mpisheni hapo mbele, jamani, mleteeni kiti. Binti atagonga vijiti mara nne, kisha tuanze.